Jinsi ya kujua ugali wako unapandisha sukari kiasi gani

Wengi wanaokuja kliniki ya kisukari huambiwa "acha ugali", basi. Ushauri huo hautoshi. Ugali, wali, chapati, mihogo na ndizi vyote vina wanga, na wanga ukishameng'enywa huwa glukosi, yaani sukari inayoingia kwenye damu. Cha kujua ni kwa mwili wako inapanda kiasi gani, na mashine ya kupimia sukari itakuonyesha.

1. Nawa mikono kwa sabuni, kausha. Ukitoka kumenya embe, sukari iliyobaki kidoleni itakupa namba ya uongo. Toboa pembeni mwa kidole.

2. Pima kabla ya kula, andika. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, wasio wajawazito, lengo ni 4.4 hadi 7.2 mmol/L. Kama mashine inasoma mg/dL, gawanya kwa 18. Ikiwa chini ya 4, acha jaribio: koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, pima tena baada ya dakika 15.

3. Kula kama kawaida, pima tena. Hesabu saa mbili tangu tonge la kwanza. Lengo ni chini ya 10.

4. Siku nyingine badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha vitatu hutajua kilichosaidia. Naanza na kiasi: ugali usizidi ngumi yako, nafasi iliyobaki ijazwe mchicha na maharage. Siku inayofuata, ugali uwe uleule wa mwanzo, ila tangulia kula mboga na samaki. Nyuzinyuzi na protini huchelewesha chakula kutoka tumboni, sukari ikapanda taratibu. Kisha jaribu kutembea dakika 15 baada ya mlo, maana misuli inayofanya kazi huchukua glukosi.

Dona ina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, lakini wanga wake bado ni mwingi. Nawaona watu wakila mlima wa dona kwa amani, na namba zinapaa. Juisi na soda ndizo hupandisha haraka zaidi, kwani hazina cha kuzichelewesha.

5. Peleka daftari kliniki. Unayetumia insulini au glibenklamaidi (vidonge vya kushusha sukari), usipunguze wanga ghafla kabla ya kuongea na daktari. Dozi iliyopangwa kwa sahani kubwa inaweza kukushusha sukari hadi uzimie.