Mtoto mchanga akitapika kijani: namna ya kuupata utumbo uliojisokota kwenye picha

Kichanga akitapika kijani, ile nyongo kabisa, usianze kuwaza gesi wala maziwa, hesabu utumbo umejisokota mpaka picha ikatae, maana damu ikikatika utumbo unaoza ndani ya masaa. Daktari wa upasuaji ajulishwe mapema, na mtoto aliyelegea, tumbo gumu, anakunya damu, huyo aende kupasuliwa, asicheleweshwe na picha.

Eksirei ya kawaida piga ila usiiamini, inaweza kutoka safi na huku utumbo umejinyonga.

Kama ultrasaundi ipo anza nayo. Weka proba juu ya kitovu, tafuta ateri na veni kubwa za utumbo, kawaida veni inakaa kulia kwa mtoto, zikibadilishana nafasi shtuka. Washa rangi zinazoonyesha damu inavyotembea: veni na utumbo vikiizunguka ateri kufuata mshale wa saa, kama maji yanavyozunguka yakiingia kwenye tundu la sinki, basi umepata jibu, mpigie simu daktari wa upasuaji. Mishipa kukaa sawa peke yake hakumtoi mtoto hatarini.

Kipimo chenyewe ni dawa ya kunywa inayoonekana kwenye eksirei, ukiifuatilia chini ya floroskopi, yaani eksirei inayotembea kwenye skrini. Bariamu, ile dawa nyeupe, inafaa, ila ukihofia utumbo umetoboka tumia dawa inayoyeyuka kwenye maji. Mpe kidogo kidogo, mlaze ubavu wa kulia, jicho lisitoke kwenye skrini, dawa ikishavuka mlango wa tumbo kuingia utumboni piga picha ya ubavu, inatakiwa ipite nyuma kabisa karibu na mgongo, halafu fasta mgeuze chali, anyooke kweli, piga tena. Nafasi ni hiyo hiyo moja jamani, utumbo unaofuata ukishajaa dawa unafunika kila kitu na huoni tena. Kawaida dawa inashuka, inavuka uti wa mgongo, inapanda kushoto mpaka usawa wa pale ilipotokea tumboni. Ikibaki kulia, au ikashuka imejizungusha kama springi, ndo yenyewe.

Wengi tunakosea kwa kumjaza mtoto dawa, tumbo linausukuma utumbo chini unaonekana mbovu wakati mzima, na mpira wa puani ukipitiliza unafanya hivyo hivyo. Ukibaki na shaka fuatilia dawa mpaka ifike utumbo mpana, uone mwanzo wake umekaa wapi.

Kabla hajatoka mezani, dawa iliyobaki tumboni ivute kwa mpira, asije akaitapika ikaingia mapafuni akiwa njiani.