SOMO: NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya uuguzi Marekani, kuanzia maombi hadi matokeo (soma lote kabla hujauliza)

Kila wiki ujumbe ni ule ule: "Sista, nimemaliza chuo, NCLEX naanzia wapi?" Naandika mara moja, imetosha. Atakayeuliza tena namleta hapa.

Hatua ya 1: Chagua jimbo. Leseni Marekani hutolewa na bodi ya jimbo, na masharti hayafanani. Angalia hasa kama wanadai namba ya hifadhi ya jamii ya kule wakati wa maombi. Wapo wasiodai.

Hatua ya 2: Vyeti vikaguliwe. Bodi nyingi hutaka tathmini, mara nyingi kupitia CGFNS, shirika la kukagua vyeti vya wauguzi waliosomea nje, sasa linaitwa TruMerit. Chuo na baraza la uuguzi wanatuma nyaraka wenyewe. Miezi inapotelea hapa, kwa hiyo isumbue masjala ya chuo chako mpaka wakuchoke.

Hatua ya 3: Jisajili Pearson VUE, kampuni inayosimamia mtihani. Dola 200, mbali na ada ya bodi. Ukifanyia kituo cha nje ya Marekani, ongeza dola 150.

Hatua ya 4: Majina. Hapa tulia. Jina la kwanza na la mwisho ulilojisajilia lazima lifanane na la kwenye pasipoti. Sisi tuna majina matatu na kila ofisi inayapanga inavyojisikia: cheti cha chuo kimetanguliza la ukoo, cha kuzaliwa kina la babu, pasipoti imebana mawili kwenye mstari mmoja. Mimi nilifuata mpangilio wa cheti cha chuo. Nikarudishwa mlangoni, ada ikaenda, nikaanza usajili upya. Kwa hiyo fungua pasipoti, iweke mbele yako, nakili kama ilivyo. Umeolewa na unataka kubadili jina? Maliza ya pasipoti kwanza, ndipo uguse fomu yoyote. Barua ya ruhusa ya mtihani, ile ATT, ikifika usianze kuipiga picha uwatumie ndugu, soma jina. Kosa likionekana, andika siku hiyo hiyo, maana siku ya mtihani hakuna wa kukusikiliza. Angalia pia pasipoti isiwe imekwisha muda. Na ATT yenyewe ina mwisho, kwa kawaida kama siku 90, wala haiongezwi. Usiombe hujaanza kusoma.

Hatua ya 5: Kusoma. Ukisoma kama unajiandaa na mtihani wa chuo utaumia. Hakuna atakayekuambia utaje dalili za pumu. Utapewa wagonjwa wanne: mmoja ana pumu, kifua kilikuwa kinapiga mluzi na sasa kimya, wa pili kafanyiwa upasuaji jana, anadai dawa ya maumivu, wa tatu ana kisukari, sukari 180 mg/dL, wa nne anasubiri kuruhusiwa. Unamwendea nani kwanza? Wengi wanamkimbilia anayelia maumivu. Jibu ni wa pumu, kwa sababu kimya kile si nafuu, ni hewa haipiti kabisa. Njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, kwa mpangilio huo; aliyebadilika ghafla kabla ya mwenye ugonjwa wa miaka.

Eneo la pili linalotuangusha ni kugawa kazi. Wodi zetu kazi anafanya aliyepo. Mtihani haukubali hivyo: kumpima mgonjwa mpya, kufundisha na kutathmini ni vya muuguzi aliyesajiliwa. Msaidizi anapewa kuogesha, kutandika, kuchukua joto na mapigo ya mgonjwa aliyetulia. Kumlisha mgonjwa aliyepata kiharusi jana? Hapana, hujajua kama anameza vizuri.

Hatua ya 6: Siku yenyewe. Saa 5, mapumziko yakiwa ndani yake. Maswali 85 hadi 150. Ukishajibu hurudi nyuma. Kikokotoo kipo kwenye skrini.

---

MASWALI

Sindano Kali: Mkuu, ada ni kiasi gani? Na kuna mwenye maswali yaliyovuja?

Sista Zamu: Ada, hatua ya 3. La pili sijibu.

Sindano Kali: Mbona mkali sista, nimeuliza tu.

Sista Zamu: Kila mtu anapata maswali yake kutoka hazina kubwa. Anayekuuzia "yaliyovuja" anakula hela yako, na ukikamatwa nayo unapoteza zaidi ya hela. Soma.

Binti wa Leba: Shikamoo sista. Wenzangu wawili wote mashine ilizima kwenye swali la 85. Mmoja kafaulu, mwingine kafeli. Inaamuaje?

Sista Zamu: Marahaba mdogo wangu, swali zuri. Kila ukijibu, mashine inakadiria upya uwezo wako, kisha inakutafutia swali ambalo una nafasi kama nusu kwa nusu ya kulipata. Ndiyo maana hata anayefaulu anatoka akidhani kafeli. Ikishakuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari wa kufaulu, au chini, inazima. Ukifika 150 inaangalia kadirio la mwisho tu. Na katika yale 85, kuna 15 yasiyo na alama, yanajaribiwa kwa mitihani ijayo. Huwezi kuyatambua, jibu yote kwa moyo mmoja.

Binti wa Leba: Na yale ya kuchagua majibu mengi?

Sista Zamu: Tangu Aprili 2023 unapata alama za sehemu. Sahihi inaongeza moja, kosa linapunguza moja, haishuki chini ya sifuri. Kwa hiyo kubofya yote hakukusaidii. Mwaka huo ndipo zilipoingia pia kesi tatu za wagonjwa zenye maswali sita kila moja.

Mzee wa Dripu: Nikifaulu viza inatoka lini?

Sista Zamu: NCLEX haitoi viza, kaka. Huo ni mchakato mwingine.

Kanga Nyeupe: Ile mbinu ya kujisajili tena kuona kama kadi ya benki inakataliwa, ni kweli inaonyesha umefaulu?

Sista Zamu: Matokeo yanatoka kwa bodi. Kadi ikikubali, umelipa tena. Ukifeli unapata ripoti ya maeneo uliyolegea, unasubiri siku 45 ndipo urudie.

Nesi Bila Likizo: Naongezea, sista. Vitabu vya Marekani vinaandika sukari kwa mg/dL. Gawanya kwa 18 upate mmol/L. 70 ni kama 3.9.

Sista Zamu: Ahsante, nilisahau. Na dawa: salbutamol kwao ni albuterol, paracetamol ni acetaminophen, pethidine ni meperidine.

Sindano Kali: Sista, ATT ndiyo nini?

Sista Zamu: Hatua ya 4.