Jinsi ya kuandika stori ya upelelezi ya watoto ambayo mpelelezi wake ni mnyama

Kuna kosa moja naliona kila mara kwenye stori hizi, mwandishi anachukua mtoto mwerevu wa miaka kumi anambandika manyoya na mkia, anamwita mbwa mpelelezi, basi, kesi inaanza inaisha na hakuna hata sehemu moja ambapo ule mkia au ile pua imefanya kazi yoyote. Kwa hiyo kabla hujaandika mstari wa kwanza jiulize, nikimtoa huyu mnyama nikaweka mtoto wa kawaida, fumbo linafumbuka vile vile? Kama jibu ni ndiyo bado hujapata mpelelezi. Mnyama afumbue kesi kwa sababu ya mwili wake alivyo.

Sasa hapo ndo raha inapoanza maana wanyama wana mambo ambayo hata ukikaa kutunga usingeyatunga. Mbwa ana vipokezi vya harufu vinavyofika hadi milioni 300 puani wakati binadamu ana kama milioni 6 tu. Bundi wa aina fulani sikio moja liko juu kidogo kuliko jingine, ndo maana anajua panya yuko wapi chini ya majani hata kukiwa na giza. Nyoka anakusanya harufu kwa ulimi. Kinyonga jicho la kulia linatazama huku na la kushoto linatazama kule, hebu fikiria shahidi kama huyo, na tembo anasikia sauti nzito za chini sana ambazo sikio la mtu halizipati kabisa. Na usimdharau panya, yupo panya buku aliyeitwa Magawa, alikuwa ananusa mabomu ya ardhini kule Kambodia, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la kusaidia wanyama la Uingereza. Kwa hiyo mtu akikwambia panya hawezi kuwa shujaa wa stori mwambie tayari ameshakuwa.

Ila usiishie kwenye nguvu, udhaifu unakusaidia zaidi. Mbwa huyo huyo mwenye pua ya ajabu nyekundu na kijani anazichanganya, anaona vizuri bluu na njano. Shahidi akisema "mwizi alibeba kitambaa chekundu" mbwa wako amekwama, lazima atafute rafiki mwenye macho ya rangi, labda kasuku, na hapo msaidizi wa mpelelezi amezaliwa mwenyewe bila wewe kumlazimisha aingie kwenye stori.

Kesi yenyewe isiwe ya mauaji. Kwa watoto wa miaka 6 mpaka 9 kitu kupotea kinatosha, au kitu kuharibika, au sauti ya ajabu usiku, lakini hicho kitu kiwe kinamuuma mtu kweli. Onyesha mwenye kitu akikitafuta mara ya pili na ya tatu sehemu ile ile aliyokwisha angalia, mtoto anaelewa hiyo hali kuliko kumwambia "alihuzunika sana".

Kisha anza mwisho. Hii naisisitiza kwa sababu ukianza mwanzo utafika sura ya mwisho na utalazimika kumleta mwizi ambaye hakuwepo. Jua kwanza nani kafanya na kwa nini ndipo urudi nyuma kupanda dalili. Nikupe mfano nilioutunga ili uone inavyoenda: mtungi wa asali wa bibi kobe unapungua kila siku. Watuhumiwa watatu, nyegere kwa sababu dunia nzima inajua anavyopenda asali, paka kwa sababu nyayo zake ziko kwenye rafu, na panya kwa sababu anaishi ukutani. Mpelelezi ni mbwa. Analala macho usiku mzima karibu na mtungi, hakuna kitu, asubuhi asali iko pale pale, jioni imepungua tena! Nyegere ana harufu kali sana, angepita pale pua ya mbwa ingejua tu. Paka je? Paka hasikii ladha ya utamu, ulimi wake haujaumbwa hivyo, sasa aibe asali ya nini, yeye alipanda rafu akimfukuza mjusi. Panya ndo kabisa, mtungi ni mrefu na mwembamba, angeuangusha. Waliochukua ni nyuki. Nyuki wakikuta asali iko wazi wanaibeba kurudi mzingani, na wanaruka mchana, usiku wametulia, ndo maana ule mkesha wa mbwa haukuona kitu. Tena asali ilikuwa yao tangu mwanzo.

Umeona kitu hapo, mkesha ulioshindwa ndo dalili kubwa kuliko zote. Mtoto anausoma anacheka mbwa anavyopigana na usingizi, hajui ameshapewa jibu mkononi.

Mwandishi mmoja wa Uingereza, Ronald Knox, aliweka sheria kumi za stori za upelelezi mwaka 1929 na mojawapo inasema mpelelezi akipata dalili msomaji naye aipate hapo hapo. Kwa watoto hiyo sheria usiivunje hata mara moja, wao wanachukia kudanganywa kuliko sisi. Ficha dalili lakini ifiche mahali pa wazi, katikati ya orodha, au ndani ya kichekesho, au mtu aitaje halafu kitu kianguke jikoni wote wakimbie huko. Kwenye stori ya asali sura ya kwanza bibi kobe anafungua dirisha "vile maua yamechanua na kuna mvumo mzuri wa asubuhi", basi, usirudie tena.

Kuhusu kumpoteza maboya msomaji, watoto wetu wamekulia kwenye hadithi za sungura mjanja na fisi mlafi, wakimwona fisi tu wanasema ni yeye. Itumie hiyo. Muache fisi au nyegere ashukiwe na kila mtu lakini kama hana kosa lazima aombwe radhi mbele ya wote waliomsema, na siyo kwa sentensi moja ya haraka haraka. Mtoto aliyewahi kusingiziwa darasani anasubiri hiyo sehemu kuliko hata kumjua mwizi, nakwambia ukiiruka ameumia.

Lugha iwe fupi, sura fupi, kila sura iishe na swali lililo wazi. Ukimaliza rasimu isome kwa sauti mbele ya mtoto, simama kabla ya sura ya ufumbuzi umuulize nani kafanya na umejuaje. Akiwa amejua tangu sura ya pili dalili yako iko nje mno, isogeze. Ukimsomea jibu akasema "aaah kumbe lile dirisha!" umepatia. Akinyamaza tu anakutazama rudi ukapande dalili upya, kosa ni lako.

Na sura ya mwisho usiiachie kwenye "mwizi amekamatwa", watoto wanauliza baada ya hapo ikawaje. Kwangu bibi kobe anatafuta kifuniko cha mtungi, halafu anaweka kisahani kidogo cha asali dirishani, na mbwa anaenda kubisha mlangoni kwa nyegere.