Jinsi ya kubishania sizoni za tamthilia ya kisayansi mpaka ubishi ufike mahali

Kwenye vibanda umiza na vijiwe vya kahawa vya Mwanga na Ujiji, Kigoma, ubishi wa sizoni ipi kali na ipi mbovu hauishi kwa sababu watu wanashindana kwa kumbukumbu. Bishaneni kwa episodi. Mfano tunaoutumia hapa ni sizoni ya pili na ya tatu za Star Trek: The Next Generation, tamthilia ya Marekani ya safari za chombo cha anga.

Kwanza nakala. Iliyotafsiriwa na DJ na yenye sauti yake halisi si kitu kimoja: maelezo ya DJ hufunika mazungumzo, na tamthilia hii inaishi kwa mazungumzo. Chagueni moja, wote muitazame hiyo hiyo. Ukienda kuwekewa kwenye flashi, hesabu mafaili kabla hujaondoka dukani. Sizoni ya pili ina episodi 22, ya tatu 26. Ya kwanza nayo ina 26, ila ukikuta 25 usigombane na mtu, mara nyingi zile mbili za ufunguzi zimeunganishwa.

Kila sizoni toeni episodi tatu: inayosifiwa, inayopondwa, na moja ya kupigia kura ya vikaratasi. Kila moja ni kama dakika 45, kwa hiyo sita ni saa nne na nusu. Gawaneni siku mbili, maana mtu aliyechoka hutoa alama za hasira.

Msichukue ya kwanza na ya mwisho tu. Hapo ndipo wengi wanaionea sizoni ya pili. Inafungwa na "Shades of Gray" ya 1989, iliyounganishwa kwa vipande vya episodi za nyuma ili kubana matumizi, na ni dhaifu kweli. Lakini sizoni hiyo hiyo ina "The Measure of a Man", kesi ya kuamua kama Data, mtu wa mashine, ana haki ya kujiamulia au ni mali ya jeshi. Riker, afisa mwenzake chomboni, analazimishwa kumshtaki rafiki yake. Anamng'oa mkono mbele ya hakimu, kisha anabonyeza swichi na Data anaanguka kifudifudi. Hakuna chombo kinacholipuka, na bado ni kati ya bora za tamthilia nzima.

Alama ziwe 0 hadi 5 katika safu nne: kisa, wahusika, uaminifu kwa kanuni za ulimwengu wake, na utengenezaji. Safu ya mwisho msiijumlishe. Picha za kompyuta na vinyago huchakaa, na kijana wa leo ataiadhibu kazi ya zamani kwa kosa la umri. Kila mtu aandike kabla yeyote hajafungua mdomo, la sivyo mwenye sauti nene atawaburuza wote. Mkipishana alama 2 au zaidi, anzieni hapo. Palipokaribiana piteni.

Baada ya alama ndiyo mtafute sababu. Mwaka 1988 waandishi wa Marekani waligoma kuanzia Machi hadi Agosti. Sizoni ya pili ikachelewa hadi Novemba, na "The Child" iliyoifungua ilitokana na mswada wa miaka ya 1970 uliokuwa umewekwa kabatini. Ya tatu ilimpata Michael Piller kuongoza waandishi, akasisitiza visa vitoke ndani ya wahusika. Anayetaja sababu aonyeshe tukio inapoonekana, asipoonyesha, isihesabiwe.

Kuna tamthilia ambazo sizoni moja haihukumiki peke yake. Babylon 5, tamthilia nyingine ya anga, ilipangwa kama kisa kimoja cha miaka mitano. Kwa hofu ya kufutwa, mambo mengi yakasukumwa ndani ya sizoni ya nne, kisha ya tano ikapatikana huku akiba ya visa imeliwa. Anayeiponda ya tano lazima awe ameitazama ya nne.

Wastani wa sizoni mbili ukipishana chini ya nusu alama, ongezeni episodi moja kila upande kwa kura. Umeme ukikatika katikati ya episodi, futeni alama zake na muirudie kuanzia mwanzo.