Kuinua Mtungi wa Maji Bila Kuumiza Kiuno

Mtungi wa lita 20 ukijaa una maji ya kilo 20, na hapo hujahesabu uzito wa mtungi wenyewe. Maji ya bomba yakikatika Mombasa, ndipo viuno vingi huumia: mtu huinama magoti yakiwa yamenyooka, mtungi uko mbali na mwili, kisha hugeuka huku ameubeba. Kuinama na kujipinda kwa pamoja chini ya mzigo ndiko hasa kunakoumiza misuli na kano za mgongo.

Sogea hadi mtungi uwe katikati ya miguu. Kunja magoti na nyonga, kaza tumbo, kisha inuka kwa nguvu za mapaja, mtungi ukiwa karibu na mwili. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo, si kiuno. Afadhali mitungi miwili ya lita 10, mmoja kila mkono. Maji ni yaleyale na mzigo umelingana.

Mbuzi ya kukunia nazi nayo iko chini mno. Kila umalizapo nazi moja simama, weka mikono kiunoni, jinyooshe nyuma taratibu mara 5.

Kiuno kikishakamata, usishinde kitandani. Misuli hukakamaa zaidi. Tembea kidogo kila saa, na ujikande kwa taulo ya maji moto dakika 15 hadi 20. Ukilala ubavu, weka mto katikati ya magoti.

Ganzi sehemu za siri, mkojo kukataa kutoka au mguu kulegea: nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje kukandwa.