Somo: Taa ya eabegi haizimi? Usinunue eabegi kwanza

Wakuu, nianze na kosa langu. Liliwahi kuletwa gari karakanani kwetu hapa Kizota, Dodoma, mashine ya kusomea makosa ya gari ikasoma kwamba sakiti (njia ya umeme) ya eabegi, yaani mfuko wa hewa, ya dereva imekatika. Nikamwambia mwenye gari atafute eabegi nyingine. Akatafuta, akalipa, nikafunga. Taa ikabaki inawaka vilevile. Kilichokuwa kimekatika ni spairo, ule utepe wa waya uliojiviringisha nyuma ya usukani. Tangu siku hiyo sinunuishi mtu kitu kabla ya rezista kusema, yaani kile kipande kidogo cha kuzuia umeme ninachokiweka mahali pa eabegi ili kupima.

Kabla ya yote, washa swichi bila kupiga stata. Taa ya eabegi lazima iwake, kwenye Toyota nyingi kama sekunde 6, kisha izime. Isipowaka kabisa, usifurahi. Kuna watu huchomoa balbu, au huiunganisha taa hiyo na ya oili ili zizime pamoja, gari lipate mnunuzi. Pima betri pia, maana betri iliyochoka huweza kuiwasha taa hii peke yake.

Soma misimbo, yaani namba za makosa, kwa mashine, iandike kwenye karatasi, ndipo uifute. Ukirudi msimbo wa kukatika, unatafuta mahali umeme haupiti. Ukirudi wa shoti, unatafuta waya zilizogusana au zilizogusa bodi.

Sasa zima swichi, chomoa terminali hasi ya betri, usubiri. Toyota husema sekunde 90. Mimi nangoja dakika 10, nakunywa chai. Kompyuta ya eabegi ina kapasita inayotunza umeme, ili iweze kufyatua hata betri ikikatika kwenye ajali. Akiba hiyohiyo ndiyo inayoweza kukuumiza wewe uliyeinama kwenye usukani.

Na hili nalirudia kila mwaka kwa vijana wapya: usiweke mita ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) kwenye eabegi. Mita hupima omu kwa kutoa umeme wake yenyewe, na ile baruti inayojaza mfuko haijui umeme umetoka wapi. Mfuko hujaa ndani ya sekunde 0.03 hadi 0.05, hupati muda wa kukwepa. Eabegi uliyoitoa ilaze uso ukiwa juu, usiilalie wala usiweke spana juu yake.

Anza chini ya viti, kwenye plagi za njano, ndizo za waya za eabegi. Hapa kwetu ndipo penye majibu mengi: vumbi la kiangazi, maji ya kuosha zulia, madumu ya mafuta ya alizeti kutoka Singida yaliyosukumwa chini ya kiti hadi yakavuta waya. Angalia kutu ya kijani, pini iliyorudi nyuma, klipu isiyokaza. Safisha kwa dawa ya kusafishia kontakti, acha ikauke, bana hadi isikike "tak".

Pakiwa salama, nenda usukanini. Nunua rezista ya omu 2 kwa mafundi redio. Chomoa plagi ya eabegi ya dereva, chomeka rezista kwenye plagi ya upande wa gari, yaani badala ya eabegi. Rudisha betri, washa swichi, futa msimbo, soma tena. Msimbo ukitoweka, shida iko kwenye eabegi au plagi yake. Ukibaki, chomoa betri, subiri tena zile dakika, uhamishie rezista chini ya spairo, kwenye waya unaokwenda kwenye kompyuta. Ukitoweka hapo, spairo imekufa. Ukibaki, fuata waya hadi kwenye kompyuta, na hapo ndipo mita inaruhusiwa, mradi waya umechomolewa pande zote mbili. Kumbuka baadhi ya plagi hizi zina kibati kinachounganisha pini mbili zikichomolewa, kwa usalama. Usiposhtuka utadhani umepata shoti.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikiiacha rezista humohumo si taa itazima?*
Itazima, ndiyo. Na siku ya ajali dereva atakutana na usukani mtupu. Hiyo kazi mimi siifanyi hata kwa hela gani.

*Sina mashine, niko Mpwapwa.*
Kwenye Toyota nyingi unaweza kuunganisha tundu la 13 na la 4 kwenye soketi ya mashine, swichi ikiwa imezimwa. Kisha washa, uhesabu jinsi taa inavyopepesa. Hakikisha namba za matundu kabla hujachomeka waya.

*Naweza kusafiri hadi Dar taa ikiwaka?*
Gari litatembea kama kawaida, dada. Lakini mara nyingi taa ikiwaka mfumo umejizima, hivyo safiri ukijua huna eabegi. Mkanda funga.

*Fundi alifungua steringi raki (mtambo wa chini unaogeuza matairi), kurudisha tu honi imekufa na taa ya eabegi imewaka.*
Spairo hiyo, kaka, kwa sababu honi hupita humohumo. Usukani uliachwa ukazunguka wenyewe, utepe ukakatika. Ukifunga mpya, matairi yatazame mbele, zungusha spairo taratibu kinyume na saa hadi igome, irudishe kama mizunguko 2 na nusu, alama zikutane. Na safari nyingine usukani ufungwe kwa mkanda wa kiti kabla ya kulegeza chochote huko chini.