SOMO: Kuchagua tangi la samaki wakubwa (oska, pleko, arowana na wenzao)

Wakuu, samaki hawa huuzwa hapa Dar wakiwa na urefu wa kidole. Mnunuzi anapimia tangi kile kidole, na baada ya mwaka samaki hawezi hata kugeuka. Kipimo sahihi kinaanzia kwenye urefu atakaofikia.

Hatua ya 1: Jua urefu wake wa mwisho. Oska hufika sentimita 30 hadi 35. Pleko wa kawaida, yule anayenyonya kioo, hupita 40. Arowana wa fedha hufika kama 90. Pangasiasi, yule mwenye umbo la papa, hupita mita 1, na kambale mkia mwekundu vilevile. Hawa wawili wa mwisho msiwanunue kwa ajili ya sebule, hata muuzaji akiapa. Ni samaki wa bwawa.

Hatua ya 2: Anza na upana. Wengi huangalia urefu wa tangi na kimo chake, wakasahau upana, na hapo ndipo samaki anapogeukia. Upana wa ndani uwe angalau mara moja na nusu ya urefu wa samaki mzima, na urefu wa tangi angalau mara nne. Oska mmoja wa sentimita 30 anahitaji upana wa 45 na urefu wa 120. Arowana mwili wake unapinda kirahisi, hivyo upana wa 90 unamtosha kwa kubana, ila urefu usipungue 240 na mfuniko uwe mzito, maana anaruka.

Ile kanuni ya "sentimita moja ya samaki kwa lita moja" iacheni kwa samaki wadogo. Oska wa sentimita 30 ana urefu mara 6 ya yule wa sentimita 5, lakini mwili hukua pande zote: 6 × 6 × 6 ni 216. Uzito wake ni zaidi ya mara 200, na chakula, kinyesi na amonia (sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki) hufuata uzito.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya maji halisi. Pima ndani ya vioo. Tangi la 120 × 45 × 50 linaitwa la lita 270. Lakini maji huishia sentimita 5 chini ya ukingo, na mchanga unakula 4. Inabaki 120 × 45 × 41, gawa kwa 1,000: lita 221. Hii ndiyo namba ya kupimia dawa. Anayetumia 270 anazidisha dozi kwa zaidi ya asilimia 20.

Hatua ya 4: Kioo na stendi. Kinachosukuma kioo zaidi ni kina cha maji. Kwa kimo cha 50 tumia kioo cha milimita 10. Kwa tangi la 150 × 60 × 60 tumia milimita 12, na mikanda ya kioo juu ili vioo visibinuke kwenda nje. Silikoni iwe ile inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni huwa nayo, na inaua samaki. Iache ikauke siku 7, kisha jaza maji tangi likiwa nje kwa saa 48. Stendi ipimwe kwa pimamaji pande zote nne. Ikiwa kona moja imeinuka, kioo kinajikunja na ufa huanzia hapo.

Hatua ya 5: Filta na maji. Pampu izungushe maji yote mara 5 hadi 8 kwa saa. Kwa lita 220 ni lita 1,100 hadi 1,800. Kila wiki badilisha theluthi moja hivi, yaani ndoo nne za lita 20. Maji ya bomba ya DAWASA yana klorini: yaweke kwenye pipa na pampu ya hewa kwa saa 24 kwanza.

MASWALI

*Mdau wa Sinza: Mkuu, napanga ghorofa ya pili. Tangi la 150 × 60 × 60 litaleta shida?*
Hesabu hivi: vioo kama kilo 100, maji kilo 480, mchanga na stendi kilo 80 hivi. Jumla kilo 660 kwenye eneo lisilofika mita mraba moja. Sakafu za makazi kwa kawaida hukadiriwa kilo 150 hadi 200 kwa mita mraba. Usiliweke katikati ya chumba. Mwone mhandisi na mwenye nyumba kwanza. Chini ni salama zaidi.

*Mdau wa Kigamboni: Kisima changu kina chumvi. Si ndiyo maji ya samaki wa Ziwa Tanganyika?*
Hapana, dada. Maji ya Tanganyika ni magumu kwa madini ya kaboneti, pH (kipimo cha uchachu wa maji) karibu 9. Chumvi ya kisima cha pwani ni ya bahari. Kinga maji ya mvua au nunua maji.

*Mdau wa Tabata: Nasikia samaki hukua kulingana na tangi?*
Anadumaa, kaka, si kwamba amejipima. Maji machafu humzuia kukua, mgongo hupinda, na anakufa mapema.

*Mdau wa Mbagala: Umeme ukikatika kwa muda wa saa sita?*
Maji ya Dar yakifika nyuzi 30 hubeba oksijeni ndogo, kama miligramu 7.5 kwa lita, na samaki mkubwa ndiye hutweta wa kwanza. Washa pampu ya hewa ya betri, usilishe kitu. Kama filta yako ni ya ndoo iliyofungwa, usiiwashe tu umeme ukirudi: bakteria wa ndani, wale wanaosafisha maji, wamekosa hewa na maji yale yameoza. Yamwage, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.